Banda la maua la msimu Dar es Salaam: je, Februari 2027 inafaa?

Mpambaji wa Kinondoni (muuliza swali):

Wanajukwaa, salaam. Ninapamba kumbi na kuuza maua kwa oda nikiwa nyumbani, wala sina duka la kudumu. Ninafikiria kukodi banda la muda mbele ya jengo la maduka hapa Dar es Salaam, kuanzia tarehe 10 hadi 14 Februari 2027, ili niwauzie wapita njia mawaridi ya Siku ya Wapendanao. Mwenye eneo anataka kodi ya siku zote tano ilipwe kabla sijafungua, na shamba la Arusha linataka nusu ya fedha za mzigo mapema, kwa kuwa halitoi mali kauli kwa mteja mpya. Naomba ushauri wa wazoefu: mtu mwenye mtaji mdogo achukue mzigo kiasi gani, na ayatunzeje maua katika joto la Februari bila chumba cha baridi?

Muuza maua wa Ilala:

Ndugu mpambaji, kabla ya kuuliza habari za mzigo, ifungue kwanza kalenda. Tarehe 14 Februari 2027 ni Jumapili, na kwa jinsi ninavyoijua biashara hii, oda nono za siku hiyo ni za maofisini, ambako mtu huagiza shada lipelekwe kazini kwa mwenzi wake ili na wafanyakazi wengine walione. Jumapili hakuna wa kuliona. Isitoshe, Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi, na Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10, yaani siku ileile unayotaka kufungua banda lako ndiyo Kwaresima inaanza, huku Waislamu wakiwa katika siku za mwanzo za mfungo. Sisemi kwamba waridi halitanunuliwa kabisa, lakini harusi nazo zitakuwa zimepungua sana, kwa hiyo maua yatakayododa hutakuwa na ukumbi wa kuyapeleka.

Ningekuwa mimi, ningelisogeza banda hadi tarehe 6 Machi. Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi, itaangukia Jumatatu, na zipo ofisi ambazo huwapa wafanyakazi wa kike ua mojamoja. Hizo zifuate mapema kwa barua, usizisubiri bandani. Kisha Idi el Fitri inatarajiwa tarehe 9 au 10 Machi, na mkesha wa Idi ni soko la asumini na vikuba ambalo wauzaji wengi wa mawaridi hulipuuza, sijui kwa nini. Matumba ya asumini huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, yakatungwa jioni pamoja na majani ya mrehani, nayo hufunguka usiku yakiwa tayari kwenye nywele au kifuani mwa mnunuzi. Ukichelewa hadi asubuhi yamekwisha kugeuka rangi, kwa hiyo tafuta mtungaji anayekaa karibu na banda na ukubaliane naye saa ya kuleta, si siku tu.

Mfanyakazi wa zamani wa shamba la maua, Usa River:

Ninajibu upande wa utunzaji. Mwanzoni mwa Februari mashamba hutazama wanunuzi wa Ulaya kwanza, na ndiyo maana bei ya ndani hupanda na mashina marefu huadimika. Kuelekea tarehe 8 Machi hali hiyo hujirudia. Omba mashina ya urefu wa kati, ambayo mteja wa barabarani hana shida nayo.

Mzigo ukishuka kwenye basi alfajiri, usiuache kwenye boksi hata kwa saa moja. Kata kila shina kwa mshazari, sentimita mbili hivi kutoka chini, kwa kisu kikali na si kwa mkasi butu unaoliponda, kisha ondoa majani yote yatakayozama majini, kwa sababu yakioza yanalisha bakteria wanaoziba mirija ya shina, na hapo utaliona waridi linainamisha kichwa ingawa limesimama ndani ya maji. Ndoo zisuguliwe kwa sabuni na maji yabadilishwe kila siku. Petali zisinyunyiziwe maji kwa kisingizio cha kuzipoza, maana unyevu unaokaa juu yake huleta ukungu wa kijivu. Kama huna chumba cha baridi, chumba chenye kiyoyozi kitakusaidia usiku, lakini kisiwe na ndizi au maembe yanayoiva, kwani matunda hayo hutoa gesi inayozeesha maua haraka.

Mwenye kibanda, Temeke:

Ninakubaliana na maelezo ya kalenda, ila nisingeiacha Februari kabisa. Chukua oda zilizolipiwa nusu, upeleke kwa bodaboda Jumamosi mchana na Jumapili jioni baada ya futari, bila kulipa kodi ya pango ya siku tano.

Kuhusu kiasi cha mzigo, piga hesabu ya hasara kabla ya hesabu ya faida. Ukinunua mashina 200 na 40 yakavunjika au kunyauka, gharama yote hubebwa na yale 160, yaani kila shina limekugharimu robo zaidi ya bei uliyolipa shambani, na hapo hujaongeza nauli ya mzigo, karatasi na utepe.

Jambo lingine ni kwamba risiti ya mwenye eneo si ruhusa ya kufanya biashara. Nenda kwa afisa biashara wa halmashauri yako ukaulize utaratibu wa banda la muda, na upate jibu kwa maandishi kabla hujatuma fedha Arusha.