Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba imani imeugeuza moyo wako, wala si mazoea yako tu?

Wapendwa katika Bwana, ninaleta mada hii nikiwa na hamu ya kweli ya kusikia. Shuhuda zetu nyingi huishia pale mtu alipoacha ulevi au alipoanza kuhudhuria ibada, na hayo ni mema. Hata hivyo, Ezekieli 36:26 inazungumzia moyo wa jiwe kuondolewa na moyo wa nyama kutiwa mahali pake, na kazi hiyo hufanyika ndani, mahali ambapo hata mwenyewe huchelewa kuiona. Naomba kila mmoja aeleze aliionaje kwake.

Naanza mimi. Nilikuwa na miaka saba katika wokovu, nikiimba kwaya na kufunga kila wiki, lakini nyumbani nilikuwa mkali kupita kiasi. Jioni moja nikiwa mlangoni nilisikia watoto wakicheka, na nilipougeuza ufunguo kitasani kicheko kikakatika. Niliwakuta wamekaa kimya, kila mmoja na daftari mkononi, na mdogo wao amelishika lake juu chini. Daftari lile lilinichoma kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Usiku ule sikuomba nipunguziwe hasira, kama nilivyozoea. Niliomba nionyeshwe inatoka wapi, nikaonyeshwa kwamba nilipenda kuogopwa. Toba yangu ya kweli ilianzia hapo, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilitubu kile nilichokipenda, si kile nilichokifanya tu.

*

Nakushukuru, mleta mada. Mimi nilikuwa mtunza ghala, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipunguza kidogo katika kila mzigo unaoingia, kiasi ambacho hakuna mkaguzi angekigundua. Baada ya kuokoka niliacha, nikajiona nimemaliza. Kisha nikaisoma upya habari za Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, katika Luka 19, nikaona jambo ambalo sikuwahi kulizingatia: hakuna mahali palipoandikwa kwamba Yesu alimwagiza arudishe chochote. Alimwambia tu kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake, na ahadi ya kurudisha mara nne ikatoka kwa Zakayo mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeacha kuiba, ila sikuwa nimewahi kuwaza juu ya niliowaibia. Nilikwenda kwa mwajiri nikiwa na hesabu niliyoiandika kwa mkono wangu, nikaanza kulipa. Kazi niliipoteza, na sikumlaumu. Nilichokishangaa ni kwamba sikuwa nimelazimishwa na hofu ya jehanamu. Nilitaka kulipa, kama mtu mwenye kiu atakavyo maji.

*

Kwangu mimi hakuna siku ninayoweza kuitaja. Mimi na dada yangu hatukusemezana kwa miaka mingi, na maombi yangu kwa ajili yake niliyaomba kwa sababu tumeamriwa, huku meno nimeyauma. Siku nilipopata habari kwamba anaumwa, nilikuwa nimeshavaa viatu na kuufikia mlango ndipo nikakumbuka kwamba mimi na yeye ni mahasimu.

*

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu. Je, sisi ambao tumeamini, tunaomba, na bado tunauona moyo ule ule wa zamani, imani yetu ni ya bure?

*

Ndugu uliyeuliza, mimi mleta mada nimelifikiria swali lako tangu jana. Wagalatia 5:22 inasema tunda la Roho, na tunda hukua, halibandikwi mtini. John Newton, baharia Mwingereza, alimlilia Mungu katika dhoruba mwaka 1748, lakini baada ya hapo aliongoza meli za watumwa akiwa nahodha. Aliacha ubaharia mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa, na ilipofika mwaka 1788 ndipo alipochapisha kijitabu cha kuipinga biashara hiyo na kukiri aibu yake kwa kushiriki. Miaka 40 ilikuwa imepita. Sikupi kisingizio, maana gharama ya kuchelewa kwake ililipwa na watu waliofungwa minyororo ndani ya meli zile. Ninachosema ni kwamba kuuona moyo wako wa zamani na kuhuzunika kwa ajili yake ni jambo ambalo moyo wa jiwe haulijui. Naamini kazi imeshaanza ndani yako.

Kwangu pia haijakwisha. Mdogo siku hizi hunikimbilia mlangoni, lakini mkubwa bado hunyamaza niingiapo. Nimemwomba msamaha mara mbili, naye amesema amenisamehe, nami simharakishi.