Tupeane uzoefu: shokoa (kazi ya kulazimishwa) ya siku hizi, majumbani na mashambani, Lamu hadi Malindi

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Lamu, Malindi na vitongoji vyake. Nimefungua mjadala huu kwa sababu, katika miaka niliyojitolea kuwa msaidizi wa kisheria hapa Langoni, nimeona kwamba neno utumwa watu wetu hulisikia kama habari ya kale, ya majahazi na ya soko la Unguja, ilhali neno kulea hulisikia kuwa ni jambo la heri tu. Kati ya maneno hayo mawili wamo watoto na watu wazima wanaofanya kazi bila ujira, bila mapumziko na bila ruhusa ya kuondoka. Naomba kila mwenye kisa chake akieleze, bila kutaja jina la mtu wala la kampuni.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imelisema jambo hili kwa maneno machache sana. Kifungu cha 30 kinasema mtu hatawekwa katika utumwa wala utwana, na hatalazimishwa kufanya kazi ya shuruti, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Kifungu cha 25 kinauweka uhuru wa kutotiwa utumwani au utwanani miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kamwe. Kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu na ukatili, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi, na cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya dhuluma na kazi za kumnyonya. Hata hivyo, kifungu ninachokithamini kuliko vyote katika mambo haya ni cha 20, kwa kuwa kinaeleza kwamba Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba yenye haki hizi zote, inawafunga watu wote, si vyombo vya dola peke yake. Inamfunga shangazi, inamfunga nahodha, inamfunga mwenye nyumba.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Nilipokuwa na miaka minane, tuliletewa msichana kutoka bara aliyenizidi kama miaka mitatu, tukaambiwa amekuja kusomeshwa. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri kuteka maji, akafagia ukumbi, akafua, akapika, na mimi nikitoka kwenda chuoni nilimwacha amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya kufulia, na alipokuwa akiwakamulia samaki ndimu, maji yalimwingia katika zile nyufa, akafumba macho kidogo kisha akaendelea. Shule hakupelekwa hata siku moja. Baada ya miaka mitano aliondoka na kanga mbili na nauli ya mashua. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakumpiga wala hakumtukana, na kwa sababu hiyo aliamini mpaka alipofariki kwamba alimfanyia hisani. Mimi pia niliamini hivyo kwa muda mrefu, na sitaki tena kuamini.

Mwanachama wa Maweni, Malindi:

Waalaikum salaam, dada. Mimi nilikwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Ajenti alinionyesha mkataba wenye saa nane za kazi na siku moja ya mapumziko kwa wiki, lakini nilipofika mwenye nyumba aliichukua pasipoti yangu palepale uwanja wa ndege, na tangu siku hiyo sikuiona tena hadi nilipokuwa narudi. Nililala saa saba za usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri. Nilipoomba kuacha kazi niliambiwa kwamba nimenunuliwa, na kwamba nikitaka kuondoka nirudishe gharama zote alizolipa kwa ajenti. Neno hilo, nimenunuliwa, ndilo lililonivunja kuliko njaa na kuliko kufungiwa mlango kwa ufunguo. Nilirudi baada ya miezi kumi na minne, mshahara wa miezi sita ukiwa haujalipwa.

Swali langu ni hili: Katiba ya Kenya ingenisaidia nini nikiwa kule ng'ambo?

Jibu la mwenye mjadala:

Pole sana, dada yangu. Ni kweli kwamba mahakama zetu haziwezi kuingia katika nyumba ya yule mwajiri. Lakini ajenti aliyekudanganya alikaa Malindi, alipokea pesa Malindi, na huyo anafikiwa na sheria. Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 inamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayemwajiri au kumsafirisha mtu kwa udanganyifu ili akanyonywe, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Jambo ambalo ndugu wengi hawalijui ni kwamba sheria hiyo haimpi ajenti kinga ya kusema «alikubali mwenyewe, alitia sahihi». Ukubali uliopatikana kwa hadaa hauhesabiwi. Kwa hiyo tafadhali usiitupe ile nakala ya mkataba, wala ujumbe wa simu mlioandikiana naye.

Mwanachama wa Gongoni:

Mimi sikuvuka bahari. Nilifanya kazi katika mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, kwa vibarua, na msimamizi wetu alikuwa na duka lake mwenyewe. Unga, sukari, mafuta ya taa, vyote tulikopa kwake, na daftari alikaa nalo yeye. Mwisho wa mwezi alilifungua daftari akatusomea, na kila mwezi deni lilikuwa limeuzidi mshahara kidogo. Nilipotaka kuondoka kwenda kwa ndugu zangu Marafa, alikizuia kitambulisho changu mpaka nimalize deni. Hakuna aliyenifunga kamba, lakini mtu asiye na kitambulisho atakwenda wapi, naye askari wa barabarani humwomba kitu hicho kwanza? Miguu yangu ilikuwa na vidonda vya maji ya chumvi, buti hatukupewa, na vidonda hivyo havikupona mpaka nilipoacha kazi ile.

Wenzangu watakumbuka kwamba Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadharani kuhusu mashamba ya chumvi ya Magarini, eneo letu hili, na ripoti ikatoka mwaka 2006. Wazee wetu walikwenda wakasema. Naandika haya ili vijana wajue kwamba malalamiko haya si mapya.

Jibu la mwenye mjadala:

Ahsante sana, kaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kazi ya kulazimishwa, na inaweka mpaka: makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Pia ikiwa mwajiri hakukuandikia mkataba ilhali sheria ilimtaka akuandikie, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi mahakamani unamwangukia yeye, si wewe. Na kitambulisho ni chako. Hakiwezi kuwekwa rehani ya unga.

Mzee wa Ganda:

Wanangu, mimi nitasema machache. Hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani hii ilifutwa mwaka 1907, na fidia wakalipwa mabwana, si waliotumikishwa. Haikupita miaka saba, serikali ileile ya kikoloni ikawataka Wagiriama watoe vijana wa kufanya kazi kwa nguvu. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, aliwaambia watu wakatae, akakamatwa mwaka 1913 na kupelekwa mbali mpaka Kisii, na mwaka 1914 nyumba zetu zikachomwa. Babu yangu alikuwa kijana wakati huo. Alipozeeka alikuwa hawezi kuona mtu akibebeshwa mzigo asioutaka bila yeye kusimama.

Mwanachama wa Hindi, Lamu:

Shikamoo mzee. Nauliza tu: je, mfungwa anayefagia ua wa gereza, naye analazimishwa?

Jibu la mwenye mjadala:

Ni swali zuri. Katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 73, iliorodhesha mambo yasiyohesabiwa kuwa kazi ya shuruti, ikiwemo kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Katiba ya sasa haina orodha hiyo katika Kifungu cha 30. Tazameni pia kwamba kinga isiyopunguzika ya Kifungu cha 25 inataja utumwa na utwana, haikutaja kazi ya shuruti. Kwa hiyo marufuku ya kazi ya shuruti yaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria yenye sababu za haki kama Kifungu cha 24 kinavyotaka. Mwenye nyumba na mwenye duka hawana sheria ya namna hiyo mkononi mwao.

Mwanachama wa Mkomani, Lamu:

Nami niseme la kwangu. Nyumba ya pili kutoka kwetu kulikuwa na mtoto wa miaka kama kumi na moja, ambaye nilimwona kila siku akipandisha madumu ya maji ngazini wakati wenzake wamevaa sare. Usiku mmoja nilimsikia akilia, na asubuhi nikamwona ana alama za mwiko mkononi. Nilikaa na jambo hilo siku tatu, kwa kuogopa ujirani. Siku ya nne nilipiga 116, namba ya watoto, haitozwi pesa, na afisa wa watoto akaja na polisi. Nilijifunza baadaye kwamba Kifungu cha 22 kingeniruhusu hata kwenda mahakamani kwa niaba yake, ingawa si mwanangu, na bila kulipa ada ya kufungua kesi.

Mama yake mzazi alisafiri kutoka Mpeketoni kuja kumchukua. Alipofika gatini alinishika mkono akaniuliza darasa la ngapi mwanawe amefikia, kwa maana miaka miwili yote alikuwa akiambiwa kwenye simu kwamba anasoma vizuri.