Hosteli za bei ya chini Bangkok na Malaysia: nibuku zote ama nijipange nikifika?

nyota_wa_umoja
Habarini wadau. Mimi na binamu yangu tunapanga kwenda Bangkok mwisho wa mwaka, alafu tuteremke Malaysia, Kuala Lumpur na Penang. Pesa si mingi kwa hivyo tunaangalia hosteli na hoteli za chini chini tu. Shida ni kila video naangalia wazungu wanasema usibuku kitu, fika na begi yako Khao San, ule mtaa wa Bangkok wa hosteli za bei ya chini, uzunguke ukiuliza bei mlango kwa mlango, utapata kitanda na bado utapunguziwa. Kakangu hapa nyumbani anasema hiyo ni njia ya kurudishwa na ndege ile ile. Mnasemaje, nibuku zote ama ya kwanza peke yake? Na hizo dom za watu kumi chumba kimoja, msichana anaweza lala huko kweli aamke na simu yake? Na kunguni jamani. Nilishapigana nao hapa Umoja mpaka tukatupa godoro, sitaki kuwabeba tena kwa begi.

mtembezi_ngara
Msikize huyo kakako. Hao watu wa video wana pasipoti zinaingia Thailand bila viza, wanagongewa mhuri pale eapoti wanaenda zao. Sisi wa Kenya lazima uombe e-viza ukiwa bado hapa, na pale kwa fomu wanataka tiketi ya kurudi, stetimenti ya benki na mahali utalala, sasa utaandika nini, "nitazunguka nikiuliza"? Ukishapata viza bado kuna kadi ya kuingia ya mtandaoni, TDAC, ilianza Mei 2025, unaijaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika na hiyo pia inataka anwani. Malaysia hatuhitaji viza kwa siku 30 lakini wako na kadi yao, MDAC, ni hivyo hivyo tu.

Kwa hivyo buku zote, lakini chagua zile za kukansel bure na kulipa ukifika. Ujanja anza ukishaingia nchi. Ukiona mahali pazuri zaidi unakansel ile ingine kabla siku yake ifike. Hapo kuwa makini na masaa, Bangkok wako masaa 4 mbele yetu na Kuala Lumpur (KL) masaa 5, na dedlaini inaenda na saa za huko, si za Nairobi. Ukikumbuka saa tano usiku ukiwa kwa kochi yako, kwao ni alfajiri ya siku ingine na ushakatwa.

Alafu kadi ya njano. Thailand na Malaysia wote wanaitisha chanjo ya homa ya manjano ukitoka Kenya, na lazima uwe umedungwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Kama ulishadungwa kitambo usikubali mtu akuuzie ingine, tangu 2016 cheti ni cha maisha.

kaa_hapa_kaa_pale
Kwa hiyo pesa si mngeenda Diani mkule pweza mrudi

nyota_wa_umoja
@kaa_hapa_kaa_pale Diani nimeenda, bado iko 😂

mama_pratunam
Mimi huenda Bangkok kuchukua nguo za duka kwa hivyo nakwambia vile sisi wa biashara tunafanya. Khao San wachana nayo kama unataka kulala. Muziki ni usiku kucha, na treni haifiki karibu, kila ukitoka ni basi ama tuktuk na huyo wa tuktuk akiona umebeba begi bei inapanda hapo hapo. Sisi tunalala Pratunam, kwa soko la nguo za jumla, karibu na lile jengo la maduka la Platinum. Treni ya eapoti inasimama Ratchaprarop, unashuka unatembea kwa miguu. Hoteli za hapo kwa vichochoro hazipendezi kwa picha, ngazi ni nyembamba, na kuna vyumba dirisha linaangalia ukuta ama hakuna dirisha kabisa (hiyo iko kwa maelezo, imeandikwa kidogo kidogo chini, soma), lakini wamezoea Waafrika. Hakuna mtu atashangaa ukiingia na mizigo, na chakula cha halali kinapatikana.

Kuhusu dom, ni dom ya bording tu ile unajua, deka juu na chini, sema hapa uko na pazia yako na taa na mahali pa kuchajia kichwani. Hapo pazia ndio kila kitu. Ukiona kwa picha vitanda havina pazia, pita. Loka huwa ziko lakini hosteli mingi kufuli unajiletea, nunua ile ndogo hapa tao usingoje kuuziwa huko. Kuna dom za wanawake peke yao, kwa apu ni kuweka tiki tu, na mara mingi zinapita zile za mchanganyiko na pesa kidogo sana. Simu lala nayo ndani ya foronya.

Lakini mbona nyinyi wawili mlale dom? Kitanda cha dom Bangkok ni kama baht 400, hiyo ni kama 1,600 yetu. Mkiwa wawili hiyo ni baht 800, na kwa hiyo bei unapata chumba chenu kidogo na feni ama hata AC, na bafu ndani. Dom ni ya mtu anasafiri peke yake. Fanyeni hesabu kabla ya kujitesa.

dawa_kasarani
Sijawahi fika Asia lakini kazi yangu ni kupiga dawa nyumba za watu hapa Nairobi na kunguni wa Bangkok hana tofauti na wa Pipeline. Rivyu zisome ukianzia za juzi, si zile za nyota tano za miaka iliyopita, na utafute hilo neno kunguni kwa Kiingereza, "bed bugs". Hoteli inaweza kuwa safi mwaka mzima na mgeni mmoja akawaleta na begi, bei ya chumba haihusiani, nimepiga dawa kwa nyumba za Kileleshwa.

Ukifika, begi usiweke kitandani wala kwa kapeti. Peleka bafuni kwa tailsi kwanza. Washa tochi ya simu, inua shiti ile kona ya upande wa kichwa, ufuate mshono wa godoro polepole na kidole. Unatafuta vidoti vyeusi vimekaa pamoja pamoja. Lowesha tishu upanguse, kikivujia rangi ya kahawia inayoelekea nyekundu, hiyo ni damu ya mtu alilala hapo mbele yako. Angalia pia maganda mepesi ya rangi ya chai, wanayavua wakikua. Alafu matundu ya skrubu kwa kitanda na nyuma ya ile mbao ya kichwani. Kitanda cha chuma ni afadhali kuliko cha mbao, mahali pa kujificha ni pachache, lakini usiseme nimekwambia hawapandi chuma.

Ukiwapata, usikubali kuhamishiwa kitanda kingine chumba kile kile wala chumba cha jirani, wanapita kwa ukuta. Omba floor ingine ama pesa yako. Na ukirudi nyumbani fungulia begi nje, nguo zote ziende draya kwa moto wa juu nusu saa, hata zile hukuvaa. Dobi za draya ziko kila mtaa siku hizi. Kuanika kwa jua la Nairobi hakuwaui wote, wanajificha kwa pindo wanangoja jioni.

gz_na_kurudi
Naongeza mambo ya risepsheni, juu huko ndio watu hupigana. Malaysia kuna kodi ya utalii ya mgeni, ringgit 10 kwa chumba kila usiku, kama shilingi 300 hivi. Mara mingi haiko kwa bei ya apu, utaitishwa kwa kaunta na utafikiri unaibiwa, hauibiwi. Ni ya chumba si ya kichwa, kwa hivyo wakiwaitisha 20 kwa chumba kimoja kwa usiku mmoja kataeni.

Kuna pia dipoziti ya ufunguo, ya keshi, unarudishiwa ukitoka. Kuna hoteli moja KL sitaitaja walinikata yangu wakidai taulo ina doa, na doa nililikuta. Siku hizi kabla sijakaa napiga video ya chumba chote, taulo, remoti, kikombe, dakika moja imeisha, na risiti ya dipoziti sitoki kwa kaunta bila hiyo.

Pasipoti wataitaka. Thailand kisheria mwenye nyumba anaripoti mgeni kwa uhamiaji ndani ya masaa 24, kwa hivyo kuskaniwa ni kawaida usianze kelele. Lakini kuiacha kama dipoziti hapana. Wape keshi zaidi kama wanasumbua.

Ukiona kwa lifti picha ya tunda la miiba limepigwa mstari mwekundu, hiyo ni durian, ukiingia nayo chumbani ni faini. Hawatanii.

nyota_wa_umoja
Asanteni sana, mama Pratunam umetuokoa, tumeangalia chumba cha wawili na kweli hakuna tofauti. Mzee wa dawa tutakutafuta tukirudi 😅 Swali la mwisho, Penang tutafikaje kutoka KL bila ndege na tukae upande gani?

mtembezi_ngara
Panda treni ya ETS pale KL Sentral mpaka Butterworth, ni kama masaa manne, alafu ferri inawavusha mpaka George Town, mji wenyewe wa Penang. Tiketi ya treni nunueni mapema, wikendi na sikukuu zinaisha. Hosteli za bei ya chini ziko Love Lane na mitaa ya hapo karibu, ni zile nyumba ndefu nyembamba za Wachina wa zamani, mji wenyewe uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2008 kwa hivyo hawabomoi ovyo. Uzuri ni kila kitu ni kwa miguu. Ubaya ni kuna zingine vyumba vimegawanywa na mbao na utasikia jirani akikohoa, omba cha nyuma, si cha barabarani.

Na chaja: Malaysia soketi ni kama zetu, pini tatu za mraba, hamhitaji kitu. Ni Thailand ndio mnahitaji adapta, Luthuli zimejaa.