Tupeane uzoefu: Uliitikaje wito wa Mungu huku ukijiona hufai?

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu, hasa ninyi ambao Mungu aliwaita kufanya jambo fulani mkajiona hamfai kabisa, ila mkaenda. Sitaki shuhuda za madhabahuni tu. Hata kama uliitwa kufagia kanisa au kumuuguza ndugu aliyekutenda vibaya, karibu, leta.

Kilichonisukuma ni habari za Musa. Kwenye Kutoka 3 na 4 anatoa udhuru mmoja baada ya mwingine: mimi ni nani, wakiniuliza jina lako niseme nini, hawataniamini, ulimi wangu mzito, na mwishowe anaomba waziwazi atumwe mtu mwingine. Kila nikisoma hapo huwa nangoja Mungu amtie moyo kwa kumkumbusha kwamba alilelewa kwa Farao, kwamba ikulu anaijua. Hasemi hivyo hata kidogo. Anamjibu, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Musa aliuliza habari zake mwenyewe, akajibiwa habari za Mungu.

Na ile ishara aliyopewa, mmeitazama vizuri? Kutoka 3:12, akishawatoa watu Misri watamwabudu Mungu kwenye mlima ule ule. Yaani uthibitisho ataupata akiwa ameshasimama mbele ya Farao na watu wameshatoka! Wengi wetu tunakwama hapo, tunataka tuhakikishiwe kwanza ndipo tutoke.

Mimi niliitwa kwenye huduma ya magereza. Ni mtu wa viti vya nyuma tangu utoto, nikisimama mbele za watu sauti inakauka. Lakini Mathayo 25:36 ilikuwa hainiachi, kila nikiomba narudi pale pale: nilikuwa kifungoni, mkanijia. Kiongozi wa kikundi aliponiambia nilete neno, niliandika kila kitu kwenye karatasi, mpaka salamu. Siku yenyewe mikono ilitetemeka hadi karatasi ikawa inasikika. Mama mmoja mfungwa aliyekaa mbele kabisa akaniambia, "Dada, soma polepole, sisi hatuna haraka." Nikasoma polepole. Baada ya ibada ni yeye aliyeniombea. Bado natetemeka nikienda, na bado naenda.

Karibuni.

Mwalimu wa Jumapili

Amina dada, umenigusa. Mimi shule niliiacha mapema, na mchungaji akaniomba nifundishe watoto. Watoto wa siku hizi wanauliza maswali ambayo hata mzee wa kanisa anakuna kichwa. Nilijiona nitaaibika.

Aliyenisaidia ni Gideoni. Watu hupenda kumsimulia kwa ile ngozi ya kondoo na wale watu 300, lakini mimi nakaa kwenye Waamuzi 6:27. Mungu alimwambia aibomoe madhabahu ya Baali ya baba yake. Akachukua watumishi kumi, akaenda usiku, kwa sababu aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Biblia haifichi kwamba aliogopa, wala sioni mahali Mungu anamkemea kwa kwenda usiku. Madhabahu ilibomolewa.

Basi nami nikaanza hivyo hivyo na hofu yangu. Mtoto akiuliza nisilolijua namwambia, "Hilo sijui, tutalitafuta wote Jumapili ijayo." Kuna binti mmoja mdogo alikuwa akiandika maswali kwenye daftari wiki nzima ili atujaribu. Sasa ndiye anayewasomea wenzake.

Mama Mchungaji

Wapendwa, niseme upande ambao hausemwi sana. Aliyeitwa alikuwa mume wangu. Mimi sikusikia sauti yoyote, nikaona nimebebeshwa wito wa mtu mwingine. Watu walitegemea niwe mama wa wote, niongoze maombi ya akina mama, nishauri ndoa za watu walionizidi umri. Usiku nalia, asubuhi natabasamu.

Kilichonivusha hakikuwa ujasiri. Nilimfuata mama mmoja mjane pale kanisani nikamweleza ukweli wote, naye akawa ananikalia pembeni kila kikao. Mimi nafungua kwa sala, yeye anazungumza. Musa alipong'ang'ania kwamba hawezi kusema, Mungu alikasirika, ni kweli, lakini pamoja na hasira hiyo akampa Haruni, tena Haruni alikuwa tayari njiani akija kumlaki (Kutoka 4:14). Nawasihi mnaojiona hamfai: tazameni ni nani yuko njiani anakuja kwenu. Kuitwa si lazima kuwe kuitwa peke yako.

Kijana wa kwaya

Samahanini wakubwa, nina swali. Nitajuaje kama ni Mungu ananiita au ni tamaa yangu ya kuonekana? Na nitajuaje kama hofu niliyo nayo si Mungu ananizuia?

Mzee wa kanisa

Mwanangu, swali zuri, na wanaokimbilia kukuambia "toka kwa imani tu" wasikuharakishe. Nimeona watu wakitelekeza familia kwa kusema "Mungu kaniambia". Paulo anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, 1 Timotheo 5:8. Wito wa kweli haukuamuru uvunje lile ambalo Mungu ameshaliamuru.

Mimi hutazama mambo haya. Je, mzigo huo unabaki hata msisimko wa mkutano ukiisha? Je, watu wanaokufahamu nyumbani, siyo wanaokupigia makofi, wanaiona karama hiyo kwako? Je, ungeukubali hata kama hakuna atakayejua? Hilo la mwisho ndilo linalojibu habari ya kuonekana.

Wakati mwingine wengine wanauona wito kabla yako. John Knox, aliyekuja kuongoza matengenezo ya kanisa Uskoti, mwaka 1547 kwenye ngome ya St Andrews, aliitwa hadharani na kusanyiko awe mhubiri. Alibubujikwa na machozi akaenda kujifungia chumbani, na siku zilizofuata alionekana mtu mwenye huzuni. Kisha akahubiri. Kwa hiyo hofu peke yake haithibitishi chochote mwanangu, wala kwamba umeitwa wala kwamba umezuiwa. Nenda kwa mchungaji wako, omba upewe jambo dogo, ulifanye kwa uaminifu, mtazame pamoja.

Msomaji wa siku nyingi

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, leo niandike. Mimi nilitii na haikufanikiwa. Nilianzisha maombi ya nyumbani kwa majirani nikiwa na hakika kabisa kwamba ni Bwana. Walikuja, wakapungua, mwisho tukabaki mimi na bibi mmoja. Bibi akafariki. Shuhuda nyingi huishia kwenye mavuno, na kila nikizisikia najiuliza kama nilisikia vibaya.

Mleta uzi

Mpendwa, asante sana kwa kuandika hili. Soma Yeremia 25:3. Huyu ndiye aliyesema "mimi ni mtoto" akaambiwa asiseme hivyo. Hapo anawaambia watu kwamba kwa miaka 23 amesema nao, akiamka mapema na kusema, nao hawakusikiliza. Na hakuna mahali Mungu anamwambia kwamba alikosea kusikia. Alichoahidiwa kwenye sura ya kwanza ni kwamba watapigana naye ila hawatamshinda, kwa maana Mungu yu pamoja naye. Kusikilizwa hakuahidiwa.

Na huyo bibi aliomba na mtu mpaka mwisho wake. Mimi siwezi kuita hilo kutofanikiwa.

Wengine endeleeni. Ningependa kusikia zaidi kutoka kwa waliotii na bado hawajaona matunda, maana naona hao ndio wamekaa kimya.