Taa za nje kwa kanisa la zamani la mawe: ushauri unahitajika

Mjumbe wa Kamati, Moshi Vijijini
Habari za jioni, wanajukwaa. Usharika wetu una kanisa la mawe lililojengwa enzi za wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Kamati imekubali kuweka taa za nje, na fundi tuliyemwita amependekeza taa kubwa za mwanga mweupe, zifungwe kwenye nguzo na kuelekezwa ukuta wa mbele. Nina wasiwasi kwamba kanisa litaonekana kama ghala, na naogopa pia kutoboa mawe yaliyochongwa na wazee wetu. Naomba ushauri.

Fundi Umeme, Arusha
Ndugu mjumbe, una haki ya kuwa na wasiwasi. Mwanga unaopiga ukuta uso kwa uso hufuta vivuli, na bila vivuli jiwe la kuchongwa halitofautiani na ukuta wa plasta. Wekeni taa ndogo za LED chini, karibu na ukuta, zimulike kwenda juu, ndipo kila alama ya patasi itakapojitokeza. Chagueni mwanga wa manjano, wa Kelvini 2700 hadi 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi la taa), kwa sababu ule mweupe unaoelekea buluu hulipausha jiwe na huvuta wadudu wengi zaidi. Msimu wa kumbikumbi mtakuwa mnawafagia mlangoni kila asubuhi. Taa za ukutani ziwe na kiwango cha kuzuia vumbi na maji cha IP65, na zinazozikwa ardhini IP67, maana masika maji hutuama.

Mwashi wa Majengo ya Kale
Naunga mkono, nami niongezee kuhusu kutoboa. Pale isipoepukika, toboeni kwenye maungio ya chokaa, kamwe si kwenye jiwe, kwa kuwa chokaa huzibika tena. Tafadhali msizibe kwa saruji: ni ngumu kuliko chokaa na huzuia unyevu kutoka, hivyo unyevu hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe na kulimega taratibu. Skrubu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani chuma cha kawaida kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe.

Mjumbe wa Kamati, Moshi Vijijini
Nawashukuru sana. Je, mnara wa kengele nao tuumulike? Una popo wengi.

Fundi Umeme, Arusha
Matundu yao yaacheni gizani, mmulike sehemu ya chini tu, na swichi ya saa izime taa zote saa nne usiku. Kabla ya kununua, azimeni taa mbili mzijaribu jioni moja, wazee wa kanisa wakiangalia kutoka barabarani.