Mtihani wa taifa wa usanifu na teknolojia: tunasahihisha stuli au akili ya mtoto?

Mwl_Karakana (Moshi): Wadau habari za jioni. Tumekaa walimu kadhaa tunaandaa mapendekezo ya mtihani wa vitendo kwa watoto wa amali (mkondo wa ufundi sekondari), wale walioanza form wani 2024 maana 2027 wanamaliza form foo. Wenzangu wanataka mchoro mmoja wa stuli nchi nzima, sisi tupite na rula na skwea tuweke tiki. Mi roho inakataa kabisa, hapo mtoto anayebuni hatumwoni, tunamwona anayenakili. Mnapimaje ubunifu bila kuonea mtu?

FundiNjiro: Mwalimu mkono nao ni akili, usiupunguzie alama, kiungo kikilegea mtu anaanguka. Ila stuli moja kwa wote ni uonevu, kuna shule ina mashine ya randa na nyingine misumeno butu miwili kwa darasa zima.

Mama_Usanifu: Uingereza hili walishalihangaikia miaka ya 80. APU, kitengo cha serikali yao cha kupima wanafunzi, kiliwapa kazi watu wa chuo cha Goldsmiths pale London, akiongoza Richard Kimbell, wakapima watoto wa miaka 15 kama 10,000 hivi, ripoti ikatoka 1991. Jaribio kubwa lilikuwa la karatasi, dakika 90: kijitabu kinampa mtoto tatizo, anachora wazo la kwanza, anasimamishwa ajikosoe, anaendelea kuliboresha. Msahihishaji anaipima kwanza kazi nzima, ndo anashuka kwenye vipengele. Hiyo haihitaji mashine ya randa! Na GCSE yao ya sasa ya somo hili (mtihani wa watoto wa miaka 16) nusu ya alama ni mradi anaoubuni mwanafunzi mwenyewe.

Mwl_Karakana: Dada asante sana aisee. Basi tatizo liwe hili: mama wa Kibosho kaanika kahawa, yuko peke yake, mvua inashuka ghafla, buni kitu cha kumsaidia.

FundiNjiro: Zuri, lakini mtoto wa Mtwara kahawa kaionea wapi, kwao ni korosho, wa Kigoma dagaa. Andikeni "kinachoanikwa kwenu", kila mmoja achague chake, na mfano ajenge kwa maboksi, waya na gundi, vinapatikana kila mahali.

Mama_Usanifu: Hapo sawa. Kwenye kusahihisha, walimu wa shule tofauti wawekewe kazi mbilimbili waseme ipi bora na kwa nini, wabadilishane mara nyingi, utaona mkali na mpole wanakaribiana.

Mwl_Karakana: Naanza na form tuu wangu wiki ijayo. Fundi, ukipata nafasi njoo usahihishe na sisi, nataka jicho la mtu wa karakana ya mtaani.