Ulinganisho: jedwali la pamoja, Trello, au mratibu wa miradi ya ndani kwa mfuko wa jamii mdogo?

BintiPangani (mwanzisha mada)

Wadau, habari za leo. Niko kitengo cha uendeshaji kwenye mfuko wa jamii mkoani Tanga. Tuko watumishi 11, na kazi yetu kubwa ni kutoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya wanawake, vijana na wavuvi, kuanzia Pangani hadi huko milimani Lushoto.

Upande wa ruzuku tunakwenda vizuri. Kila mkataba una tarehe, una bajeti, na una mfadhili anayeuliza. Kinachonisumbua ni miradi ya ndani, ile ambayo hakuna mtu wa nje anayeisubiri. Mwaka huu ipo minne: kuhamisha hesabu kutoka Excel kwenda kwenye programu ya uhasibu, kuanza kupokea maombi ya ruzuku kwa mtandao, kupanga taarifa za wanufaika ziendane na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuhama ofisi kwa sababu mkataba wa pango unakwisha.

Njia zilizoko mezani ni tatu. Jedwali moja la Google Sheets tunaloliona wote, pamoja na kikao cha Jumatatu asubuhi. Au Trello, programu ya mtandaoni ya kupanga kazi, kila kazi na kadi yake. Au kuajiri mratibu wa mkataba wa mwaka mmoja ayashike yote. Mkurugenzi anataka pendekezo langu kabla ya kikao cha bodi. Mliopita huku naomba mnieleze, hasa mlipokwamia.

MhasibuMoro

Dada, jedwali. Kila mtu hapo ofisini anajua kulitumia, halihitaji mafunzo wala ada, na ukifungua historia ya mabadiliko unaona nani kabadilisha nini na lini. Safu ziwe chache: mradi, hatua inayofuata, mwenye kazi, tarehe, kinachokwamisha, fedha zilizokwishatumika. Basi.

Ila kwenye safu ya mwenye kazi andika jina la mtu mmoja. Ukiandika "Fedha na Uendeshaji", kila mmoja atamwachia mwenzake.

Sasa niseme kuhusu huo mradi wa hesabu, maana nauona ndio mzito kuliko yote. Msihamie katikati ya mwaka wa fedha. Fungeni mwaka, wakaguzi wamalize, ndipo urari uliokaguliwa, yaani orodha ya salio za akaunti zote, uwe salio la kuanzia kwenye programu mpya. Ukihama katikati utabeba makosa ya zamani na mapya kwa pamoja, na hutajua lipi limetoka wapi. Kabla hata ya kununua programu, kaeni chini mpange orodha ya akaunti, kila mfuko wa mfadhili na namba yake, kila ruzuku na namba yake. Hiyo orodha ndiyo mradi wenyewe. Kuingiza kwenye Tally au QuickBooks ni kazi ya mikono tu. Kisha endesheni mifumo yote miwili sambamba hadi urari wa huku na wa kule ulingane, kwa miezi miwili ya mwanzo. Mkiona tofauti, hata ya shilingi elfu moja, itafuteni hadi ipatikane.

Fundi_Kijitonyama

Naomba nitofautiane na mkuu hapo juu. Jedwali ni zuri kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo linakuwa na mistari mia mbili, nusu yake imeandikwa "inaendelea", na hakuna anayejua inaendelea tangu lini. Trello ina faida moja kubwa: kadi ina mahali pake. Haijaanza, inafanyika, inasubiri mtu wa nje, imekwisha. Ile safu ya "inasubiri mtu wa nje" ndiyo dhahabu kwa watu wa uendeshaji, kwa sababu kazi zetu nyingi zimelala benki, kwa mwenye nyumba, au kwa mtoa huduma wa mtandao. Siku ya kikao unaanza na safu hiyo, unagawa simu za kupigwa, mnatawanyika.

Tahadhari: Trello ya bure ina kikomo cha watu 10 kwenye nafasi moja ya kazi. Nyinyi mko 11, na mweka hazina wa bodi atataka kuona pia. Kwa hiyo ama mlipie, ama muingize wale wanaohusika na miradi hii tu. Ningechagua la pili. Dereva na afisa wa Lushoto hawana haja ya kuona kadi za programu ya uhasibu.

BintiPangani

Asante ndugu zangu. Fundi, hapo kwenye kusubiri watu wa nje umenigusa, mwenye nyumba mpya anatuzungusha tangu mwezi uliopita. Lakini afisa wa Lushoto nitamhitaji. Fomu za maombi ya mtandao zitajaribiwa kwake kwanza, na huko mtandao ni wa kubahatisha.

Fundi_Kijitonyama

Kama ni yeye, basi hapo jedwali linashinda. Programu ya Google Sheets kwenye simu inaweza kuhifadhi faili likafunguka bila mtandao, akaandika, likajisawazisha akishuka mjini. Mwoneshe tu jinsi ya kuliwekea alama ya kutumika nje ya mtandao kabla hajapanda.

Mwanakilifi

Hamjambo. Mimi niko upande wa Kenya, nami nitatetea njia ya tatu, ile ambayo naona mnaipita. Mwaka 2024 Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika mwezi wa Mei baada ya kukaa muda wote huo, na mashirika yakatakiwa kuhamia kwenye usajili mpya. Katiba za mashirika zikapitiwa, bodi zikapangwa, karatasi za miaka zikatafutwa. Nilichokiona ni kwamba palipokuwa na mtu aliyetengewa muda rasmi, kazi ilikwenda. Palipoambiwa "tusaidiane", jedwali lilikuwepo na halikusaidia.

Si lazima umwajiri mtu mpya, dada. Chukua afisa mliye naye anayefahamu ofisi, mwondolee baadhi ya vikundi anavyovisimamia, mpe siku mbili za wiki kwa maandishi, na mkurugenzi atie saini. Ukimwongezea bila kumpunguzia, atashindwa kazi zote mbili.

Kuajiri wa nje kuna shida ya fedha. Wafadhili wengi hawapendi kulipia mshahara wa uendeshaji. Serikali ya Marekani ilikuwa imepandisha kiwango cha kawaida cha gharama zisizo za moja kwa moja (za kuendesha ofisi, kama pango na utawala) kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024, tukafurahi, kisha Januari 2025 misaada yenyewe ikasimamishwa. Nafasi iliyojengwa juu ya fedha za namna hiyo inaondoka nazo, na yule mratibu anaondoka na kumbukumbu zote kichwani.

Mzee_Chumbageni

Binti yangu, hujambo. Mimi ni mweka hazina wa bodi ya taasisi nyingine hapa Tanga, nimekaa kwenye bodi muda mrefu. Mnabishana juu ya daftari la kuandikia, na hakuna aliyeuliza kwa nini miradi ni minne kwa mpigo. Kwa watu 11 ambao bado wanatoa ruzuku? Haiwezekani, na bodi yako ikikwambia inawezekana, iambie kwa heshima kwamba si kweli.

Itazame hiyo minne inavyoshikana. Huwezi kufungua fomu ya mtandao kabla ya suala la taarifa binafsi, kwa sababu fomu ndiyo itakayokusanya namba za simu, namba za NIDA na picha za watoto. Sheria hiyo inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023 na anayekusanya taarifa anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo taarifa kwanza, fomu baadaye. Kupanga taarifa ni pamoja na kuchambua majalada, na majalada yakichambuliwa kabla ya kuhama ofisi mtabeba maboksi machache. Nao mradi wa hesabu una tarehe yake aliyoitaja ndugu wa Morogoro. Utaona kwamba kwa wakati wowote mnahitaji kushika miwili tu.

Jambo jingine: msipange kazi ya ofisini inayotegemea watu wa vijijini wakati wa masika. Machi hadi Mei barabara za milimani unazijua.

BintiPangani

Shikamoo mzee. Nimekaa na huu uzi tangu asubuhi. Pendekezo langu kwa bodi litakuwa hivi: tunaanza na taarifa za wanufaika na kuhama ofisi. Hesabu zinasubiri wakaguzi wamalize, fomu ya mtandao inafuata baada ya masika. Jedwali la pamoja ndilo tutakalotumia, lakini nitachukua ile safu ya kusubiri watu wa nje kutoka kwa Fundi. Na nitaomba afisa mmoja wa ruzuku apewe siku mbili kwa maandishi kama alivyosema wa Kilifi.

Limebaki swali moja. Mkurugenzi anataka mhasibu wetu ndiye asimamie mradi wa programu ya uhasibu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndiye anayeielewa. Ni sawa?

MhasibuMoro

Aongoze kazi, ndiyo. Asiwe yeye anayegawa ruhusa ndani ya mfumo. Anayeingiza malipo, anayeidhinisha na anayefungua akaunti za watumiaji wawe watu tofauti tangu siku ya kwanza. Mkisema "tutatenganisha baadaye", hamtatenganisha.

Mzee_Chumbageni

Namuunga mkono. Tena hili si geni kwenye taasisi za aina yenu. Mfuko wa jamii wa kwanza, ule wa Cleveland kule Marekani mwaka 1914, ulianzishwa na mtu wa benki, Frederick Goff, na tangu mwanzo benki ilitunza fedha huku kamati nyingine ikiamua zigawiwe kwa nani. Ruhusa za kuidhinisha zikae kwa mkurugenzi na mweka hazina wenu. Akaunti za watumiaji azifungue mtu asiyegusa fedha, na kwa nilivyokusoma, hapo ofisini kwenu mtu huyo ni wewe.

BintiPangani

Nimeelewa, mzee. Naiandika kwenye pendekezo kama sharti la kuanza. Ndugu wa Morogoro, kama una mfano wa orodha ya akaunti yenye namba za mifuko ya wafadhili, usio na siri za ofisi yako, naomba uuweke hapa tuuone wote.